Sikukuu za miezi ya baridi Ulaya na siku zilizopotea kwenye kalenda (uzi mrefu, shika chai)

Kaskazi_Mkali (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nipo Sweden kitambo sasa, na kila ikifika Desemba maswali kutoka nyumbani ni yale yale: jua linazama saa ngapi, theluji ikoje, mnakula nini. Leo naacha theluji pembeni, nizungumzie tarehe. Kwa nini sikukuu hii iwe tarehe 13, ile 25, nyingine 6 au 7 Januari, na kwa nini majirani wawili wenye dini moja na kitabu kimoja wapishane karibu wiki mbili kula mchele wao. Ukifuatilia, karibu kila njia inakurudisha kwenye dakika 11.

Tuanze na Lusia. Asubuhi ya 13 Desemba, giza bado limetanda, unasikia wimbo kwenye korido. Anatangulia msichana mwenye kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, kichwani taji la mishumaa (siku hizi mingi ni ya betri, nywele zimeungua vya kutosha), na nyuma yake msafara wa wenzake. Mashuleni, makazini, hospitalini, makanisani, kote. Wakimaliza, watu wanakunywa kahawa na vimkate vya zafarani vilivyosokotwa mfano wa herufi S. Kwa mtu wa pwani ile harufu peke yake inatosha kukurudisha kwenye sufuria la biriani.

Huyo Lusia hakuwahi kuiona Sweden. Alikuwa wa Sirakusa, kisiwa cha Sicily, akauawa kwa imani yake karibu mwaka 304 enzi za Kaisari Diokletiani. Sasa binti wa nchi ya machungwa amefikaje kuwa malkia wa giza kwenye nchi ya Walutheri, watu ambao kwa kawaida hawana habari na watakatifu?

Kalenda ya Julius Kaisari, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, na ndiyo maana tuna 29 Februari kila baada ya miaka minne. Mwaka halisi wa jua ni mfupi kidogo kuliko huo, kwa dakika kama 11 hivi. Dakika 11 unazipoteza ukitafuta funguo. Zilimbikize miaka 128 na tayari una siku nzima ya ziada. Kufikia karne ya 14, siku fupi kuliko zote, ambayo leo huangukia 21 au 22 Desemba, ilikuwa imeteleza hadi karibu na tarehe 13. Kwa mkulima wa Skandinavia wa wakati ule, usiku wa Lusia ulikuwa kweli ndio mrefu kupita wote, na aliuogopa: mashetani hutembea, wanyama zizini husema kama watu. Baadaye kalenda ikarekebishwa, usiku mrefu ukarudi 21. Lusia akabaki pale pale.

Ila msije mkadhani huo msafara wenyewe ni wa kale. Habari ya kwanza ya Lusia mwenye nguo nyeupe ni ya 1764, kwenye nyumba ya wakubwa huko Västergötland, na nchi nzima ilidakia baada ya gazeti moja la Stockholm kuendesha shindano la kumchagua Lusia mwaka 1927. Mtu akikwambia "hii ni mila ya miaka elfu", wewe itikia, kula mkate wako.

Sasa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliamua kuzikata siku zilizozidi. Alhamisi ilikuwa 4 Oktoba, kesho yake Ijumaa ikawa 15 Oktoba. Italia, Hispania, Ureno na Poland wakafuata papo hapo. Nchi za Kiprotestanti zikagoma. Nani apangiwe tarehe na Papa? Sweden ikakaa zaidi ya karne, halafu mwaka 1700 ikaja na akili yake ya kipekee: tusikate kwa mkupuo, tuziondoe kidogo kidogo. Tuifute 29 Februari kila inapofika, kuanzia 1700 hadi 1740. Miaka mirefu 11, siku 11, hesabu imekubali.

Kwenye karatasi, naam. Lakini maana yake ni kwamba kwa miaka 40 Sweden isingelingana tarehe na taifa lolote duniani. Na utekelezaji ndio ulikuwa kichekesho zaidi. 1700 waliifuta. Mwaka huo huo ikalipuka Vita Kuu ya Kaskazini. Ikaja 1704, hawakuifuta. 1708, hawakuifuta. Wakawa wananing'inia: siku moja mbele ya Urusi, siku 10 nyuma ya Roma, na mfanyabiashara anayeandika barua Ujerumani inabidi akae na vidole vyake ahesabu. Mwishowe mfalme Karl XII, ambaye wakati huo alikuwa amekwama kwenye dola la Waturuki baada ya kutandikwa na Warusi pale Poltava mwaka 1709, akaona bora warudi walikotoka. Kurudi kulihitaji kuirejesha ile siku moja waliyoifuta. Mwaka 1712 tayari ulikuwa na 29 Februari, kwa hiyo wakaongeza nyingine juu yake.

Ndiyo, wakuu: Sweden, pamoja na Finland iliyokuwa chini yake, iliwahi kuwa na tarehe 30 Februari. Ya halali kabisa, ya serikali.

Mwaka 1753 wakafanya kile kile walichokikwepa: 17 Februari, ukiamka ni 1 Machi.

Nakaribisha michango, matusi yaachwe mlangoni.

Mnyalu_Halisi

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu. Ila mtu aliyezaliwa 30 Februari birthday yake anaila lini?

Fundi_Nati

Umezunguka sana mkuu wakati jambo lenyewe ni jepesi. Krismasi ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi, kanisa likabandika jina jipya, mchezo ukaisha. Saturnalia hiyo hiyo, 25 Desemba hiyo hiyo. Tumedanganywa vya kutosha.

Kaskazi_Mkali

Fundi, umechanganya sherehe mbili ndani ya sufuria moja. Saturnalia ilianza 17 Desemba na kuendelea karibu wiki. Mabwana waliwahudumia watumwa wao mezani, kamari ikaruhusiwa, watu wakapeana mishumaa na visanamu vidogo. Ilikwisha kabla ya tarehe 25.

Ya jua ni habari nyingine. Kaisari Aureliani alifungua hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma mwaka 274, na wengi hapo ndipo wanapofunga mjadala. Lakini andiko la zamani kuliko yote linaloitaja 25 Desemba kama siku ya kuzaliwa huyo "Asiyeshindwa" ni kalenda ya mwaka 354, iliyoandaliwa na mwandishi Filokalo kwa ajili ya tajiri mmoja Mkristo. Siku hiyo imepangiwa mbio 30 za magari ya farasi. Na ndani ya kitabu hicho hicho, kurasa nyingine, kwenye orodha ambayo wataalamu huirudisha nyuma hadi 336, imeandikwa kwamba tarehe hiyo Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Ushahidi wa pande zote mbili umelala kwenye jalada moja. Unamshikaje mwizi hapo?

Kuna pia hesabu ya Wakristo wenyewe: baadhi yao waliamini Yesu alitungwa mimba tarehe ile ile aliyosulubiwa, 25 Machi. Ongeza miezi tisa uone unafika wapi.

Mimi naona waliokuwa na jua na waliokuwa na Kristo walivutwa na siku moja, kwa sababu kalenda ya Kirumi tangu zamani iliiandika 25 Desemba kuwa siku jua linapogeuka. Kufikia karne ya 4 dakika 11 zilikuwa tayari zimelisogeza geuko lenyewe hadi karibu na 21, lakini tarehe iliyozoeleka ikabaki 25.

Fundi_Nati

Sawa, nimekusikia. Sijashawishika ila hiyo ya jalada moja sikuwa naijua.

Wa_Eastlando

Salamu kutoka Nairobi. Niliwahi kusikia kwamba Wazungu hao hao waliotuletea Krismasi waliwahi kuipiga marufuku. Ni kweli ama ni stori za matatu?

Babu_wa_Thames

Hiyo niachieni mimi, nimezeekea London.

Ni kweli tupu, ndugu. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali), lilifuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Hoja yao: Biblia haikutaja tarehe, na watu walikuwa wakiitumia siku hiyo kulewa na kucheza kamari. Desemba hiyo Canterbury kukawaka moto. Waliofungua maduka kwa kutii amri walivunjiwa. Sikukuu ikarudi rasmi aliporudi mfalme mwaka 1660. Ng'ambo, koloni la Massachusetts lilimtoza shilingi 5 yeyote aliyekutwa akiisherehekea, kuanzia 1659 hadi 1681. Na Uskoti ndiko walikokaza hasa: 25 Desemba haikuwa sikukuu ya mapumziko hadi 1958. Nguvu zote wakazipeleka kwenye mkesha wa mwaka mpya, wanaouita Hogmanay, na hadi leo tarehe 2 Januari kwao ni mapumziko. Sisi wa kusini siku hiyo tunapanda treni kwenda kazini.

Nirudi kwenye mada ya mwanzisha uzi. Uingereza ilihama kalenda 1752: Jumatano 2 Septemba, kesho yake Alhamisi 14. Mtasimuliwa kwamba watu waliandamana wakidai warudishiwe siku zao 11. Msiamini, hekaya hiyo imekuzwa na mchoro wa Hogarth wa 1755, uliokuwa ukiwakejeli wanasiasa wa uchaguzi. Lililotokea kweli ni tamu zaidi. Palikuwa na mti wa miiba wa Glastonbury, ulioaminika kuchanua siku ya Krismasi, na vichipukizi vyake vilipandwa vijiji vingine. Sasa ilipofika Desemba 1752, kijiji cha Quainton, Buckinghamshire, watu zaidi ya 2,000 walikusanyika usiku na taa zao kuutazama mti wa kwao. Waliona kwamba mti haujui siasa, utasema ukweli. Haukuchanua. Basi wakasema hiyo si Krismasi, na wengi wakaingoja ile ya zamani, 5 Januari.

Na wapo ambao hawajahama hadi leo. Kisiwa cha Foula, huko Shetland, kina watu wachache sana, na Krismasi yao ni 6 Januari, mwaka mpya wao 13 Januari.

Ngojeni niwape na baridi yenyewe. Mto Thames ulikuwa ukiganda. Majira ya baridi ya 1683 hadi 1684 barafu ilishika kiasi cha watu kufungua mitaa ya vibanda juu ya maji: vinyozi, wauza pombe, ng'ombe mzima akachomwa pale pale. Wapiga chapa walibeba mitambo yao hadi katikati ya mto, wakawa wanauza vikaratasi vyenye jina la mteja na maneno kwamba vimechapwa juu ya barafu. Mfalme Charles II naye alichapiwa chake pamoja na familia yake. Soko la mwisho la aina hiyo lilikuwa Februari 1814, na mara hiyo walimvusha tembo karibu na daraja la Blackfriars. Tembo! Juu ya barafu!

Leo hauwezi kuganda hivyo hapa mjini. Hali ya hewa imepata joto, sawa, lakini daraja la zamani la London nalo lilikuwa na lawama yake: nguzo nene zilizobanana, maji yakipita kwa shida, yakituama kama bwawa upande wa juu. Lilipovunjwa 1831 na kingo za mto zikajengwa kwa mawe, mkondo ukawa na kasi.

Wa_Eastlando

Babu, tembo umenimaliza.

Binti_Makunduchi

Assalaam alaykum. Mada nzuri, lakini naona mmesahau kwamba baridi ina nusu mbili za dunia. Kwetu huku kusini miezi ya baridi ni Juni hadi Agosti, kipupwe kile, kusi linavuma watu wanatafuta mashuka. Na sherehe yetu kubwa ya mwaka, Mwaka Kogwa, iko humo humo, mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili za mji wanacharazana kwa migomba mpaka waseme kinyongo cha mwaka kimetoka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wamevaa vyao wanaimba. Asili yake tunaambiwa ni Nairuzi ya Waajemi, ambao kwao mwaka mpya ni Machi. Basi na hiyo nayo mwanzisha uzi atuhesabie dakika zake.

Kaskazi_Mkali

Wa alaykum salaam dada. Umenishika pabaya, na ni kweli uzi ulikuwa umelalia upande mmoja. Nikuongezee wenzenu wa kusini: Cusco, Peru, wana Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka katikati ya baridi yao. Watawala wa Kihispania waliipiga marufuku karne ya 16, ikafufuliwa 1944, na sasa huwa 24 Juni. New Zealand nao tangu 2022 wana mapumziko ya taifa kwa ajili ya Matariki, mwaka mpya wa Wamaori, unaoanza Kilimia kikionekana tena alfajiri majira ya baridi. Kilimia hicho hicho ambacho wakulima wetu walikitazama kujua wakati wa kulima.

Dogo_wa_Kidato

Samahani wakubwa. Mwalimu wetu alisema mwezi wa kwanza dunia ndiyo iko karibu zaidi na jua. Sasa kwa nini Ulaya wanaganda mwezi huo huo? Au mwalimu alikosea?

Mama_Jiografia

Hajakosea, mwanangu, msalimie. Mwanzoni mwa Januari tupo kilomita kama milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai kama milioni 152. Tofauti hiyo ni ndogo. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia kuinama nyuzi 23.4. Desemba upande wa kaskazini umeinamia mbali na jua, mwanga unafika kwa mshazari, umetawanyika, na kwa saa chache. Chukua tochi uielekeze wima ukutani halafu kwa pembeni, utaona mwenyewe.

Jambo la ziada la mtihani: kwa kuwa dunia hukimbia zaidi inapokuwa karibu na jua, majira ya baridi ya kaskazini ni mafupi, siku kama 89, wakati kiangazi chao ni karibu 94. Wanalalamika bure.

Mnyalu_Halisi

Mama, njoo Mafinga mwezi wa saba uone kama tunalalamika bure.

Luteni_Mstaafu

Nami nichangie la nyumbani. Miezi hiyo hiyo ndiyo tuliyopatia uhuru. Tanganyika 9 Desemba 1961, Jamhuri 9 Desemba 1962. Zanzibar 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964. Kenya 12 Desemba 1963, Jamhuri 12 Desemba 1964. Na kama mnataka baridi ndani yake: usiku wa uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na mwenge na bendera. Wenzake uwanjani Dar wanatokwa jasho.

Wa_Eastlando

Kaskazi, turudishe Sweden basi. Mbali na nyimbo za gizani, wana raha gani hao watu?

Kaskazi_Mkali

Wana mbuzi.

Mji wa Gävle, kaskazini ya Stockholm, tangu 1966 kila mwaka kabla ya Krismasi wanasimamisha mbuzi wa mabua uwanjani, mrefu mita 13 hivi. Mbuzi ni alama ya zamani ya Krismasi huku, ya kabla ya yule mzee wa ndevu. Lengo lilikuwa kuvuta wateja madukani. Mwaka ule ule wa kwanza, mkesha wa mwaka mpya, mtu akamtia kiberiti. Tangu hapo imekuwa ligi. Mji unaweka uzio, kamera, walinzi, dawa ya kuzuia moto. Wahuni wanakuja na mbinu mpya. Amechomwa mara nyingi kuliko alivyosalimika. 2001 mtalii wa Kimarekani alimchoma akiamini ni desturi halali, maana ndivyo alivyoambiwa na wenyeji, akaishia jela. 2016 aliteketea siku ile ile ya uzinduzi. Na 2023, baada ya kufanikiwa kuwazuia wachomaji, mabua ya mwaka huo yakawa yamebaki na punje nyingi. Ndege wa jamii ya kunguru wakamshukia wakamla taratibu hadi mifupa ya mbao ikatokeza.

Vingine kwa ufupi. Chakula kikuu ni tarehe 24, siyo 25. Saa 9 alasiri siku hiyo barabara zinakuwa tupu kwa sababu nchi inatazama katuni zile zile za Bata Donald ambazo televisheni imekuwa ikizirusha tangu miaka ya 1960. Kila mtu anazijua kwa moyo na ole wako uongee. Na Krismasi hufungwa rasmi 13 Januari, siku ya Knut: watoto wanachezea mti mara ya mwisho, wanamaliza pipi zilizoning'inizwa, kisha mti unatupwa nje.

Wa_Eastlando

Mbuzi wa sikukuu anachomwa kila mwaka na hakuna anayekula? Hawa watu wanahitaji msaada wetu.

Swali la mwisho. Hapa mtaani nina majirani Wahabeshi, Krismasi yao ni 7 Januari, na Warusi pia. Mbona Babu amesema Foula ni 6, na kule Quainton walingoja 5? Nani ana hesabu sahihi?

Babu_wa_Thames

Wote, kila mmoja kwa karne yake. Kalenda ya Gregori huruka 29 Februari kwenye miaka kama 1700, 1800 na 1900, ile isiyogawanyika kwa 400. Ya Julius hairuki. Kwa hiyo pengo linapanuka: siku 11 karne ya 18, ndiyo 5 Januari ya Quainton; 12 karne ya 19, ndiyo 6 ya Foula, ambao waligoma kusogea tena 1900; na 13 tangu 1900, ndiyo 7 ya Warusi na Waserbia. Mwaka 2000 uligawanyika kwa 400, pengo halikusogea. Ukraine, waliokuwa kundi hilo, serikali yao ilihamisha mapumziko kwenda 25 Desemba kuanzia 2023, na sababu mnaijua.

Mnyalu_Halisi

Na 2100?

Babu_wa_Thames

Itarukwa, pengo liwe siku 14. Wasipobadili kalenda yao, kuanzia Januari 2101 Krismasi ya Warusi itakuwa tarehe 8.

Kaskazi_Mkali

Mnyalu, nilikuwa sijakujibu ya 30 Februari. Waliozaliwa siku ile hawakupata kuiona tena tarehe yao hata mara moja. Unaila 1 Machi tu, kama wale wa tarehe 29.